Kabla Hujabandika Nembo ya Injinia

Kashozi, jioni, kesho unaondoka

Koku mwanangu,

Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe, Kamugisha, baba yako mdogo, kwa mkono wangu, na usiseme mwandiko ni wa kuku. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu. Mwalimu alinisindikiza hadi njia panda analia, akaniuliza, "Kamugisha, ukiondoka nani atanisahihisha hesabu ubaoni?" Najua hapo umeshaguna. Guna. Watu wa mikoa mingine wanasema sisi Wahaya tunajisifu. Sasa mtu mwenye cha kujisifia afanye nini, akae kimya mpaka kioze?

Mambo ya kula vizuri, kusali, kufunga mlango na komeo, hayo sitaandika. Mama yako mdogo amekuambia tangu asubuhi mpaka masikio yako yameota sugu. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni zile stika ulizonionyesha leo mchana.

Ulikuja nazo zimeviringishwa kama utepe, umezishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka altareni. Ukasema, "Baba mdogo, ona. Nembo ya ubora hii hapa, barkodi hii hapa. Injinia amenipatia. Nikifika Muleba nabandika tu kwenye paketi za kahawa, naanza kuuza. Vibali vitanifuata mbele ya safari." Halafu ukaongeza neno ambalo afadhali ungenipiga kofi. Ukasema, "Nimejifunza kwako."

Nikacheka. Uliniona nikicheka. Nikakupiga begani, nikasema, "Damu ya bibi yako Nyamwiza hiyo!" Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye migomba, nikatema mate mpaka mdomo ukakauka kama gamba la mgomba wa kiangazi. Mama yako mdogo akadhani nimekula kitu kibaya. Nilikuwa nimekula kweli, ila miaka imepita. Ladha yake ndiyo iliyorudi.

Nianze na huyo Injinia. Jina lake ni Novatus, na hajawahi kujenga hata banda la kuku. Anaitwa Injinia kwa sababu anaunganisha watu na ofisi, kama fundi anayeunganisha mabomba, na wewe unajua kinachopita kwenye mabomba mengine. Viatu vyake vimechongoka mbele hata vinaweza kuchoma nyama mishikaki. Kila mtu mjini ni rafiki yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kwake. Mimi ndiye niliyemjua wa kwanza. Ndiyo maana amekujia wewe. Kwake ukoo wetu ni kama mti wa kahawa: ameshauvuna msimu mmoja, sasa amerudi kuangalia kama umezaa tena.

Sasa hadithi ya moto wa Muleba. Umeisikia mara ngapi? Niliisimulia siku ya kipaimara chako. Niliisimulia kwenye harusi ya binamu yako, nimesimama katikati ya watu kwa majigambo yetu ya kienyeji, nimenyoosha mkono kama nimeshika mkuki. Nikasema: Mimi ndiye Kamugisha niliyewaambia maafisa, mnataka kahawa yangu? Haya, oneni! Nikaichoma mwenyewe, shehena nzima, mbele ya gulio zima, moshi ukafika Ukerewe, na wao wakanipigia magoti wakisema tusamehe waitu, mkubwa wetu, hatukujua tunacheza na nani. Watu wakapiga vigelegele. Wewe ulikuwa mbele, unapiga makofi mpaka viganja vimekuwa vyekundu.

Moto ulikuwepo kweli. Mengine yote ni uongo. Kaa chini nikupe yenyewe.

Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa shule ya bweni, na bibi yako Nyamwiza ndiye aliyekuwa anatengeneza akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, vizuri kuliko mtu yeyote upande huu. Hapo sijisifu, hilo hata maadui zetu wanalikubali. Unajua alivyokuwa anafanya: anachuma kahawa kabla haijaiva sana, anaichemsha na ganda lake pamoja na mchaichai na majani mengine ambayo hakuwahi kunitajia yote, anaianika mpaka inagonga kama changarawe, ndipo anaifunga kwenye jani kavu la mgomba. Mgeni akifika, kabla hajasema kilichomleta, anapewa punje za kutafuna. Nyumba isiyo na akamwani ni nyumba ya mtu aliyehama.

Mimi nikaona hiyo ni biashara imelala. Nikafungua duka Bilele, pale Bukoba mjini. Majani ya mgomba nikayaita ushamba. Nikachapisha paketi za nailoni zinazong'aa, mbele picha ya bibi yako amevaa kitenge chake cha kanisani, na maneno makubwa: KAHAWA YA NYAMWIZA. Nakuambia, zilikuwa nzuri mpaka abiria wa mabasi wananunua wakiwa hawajui ndani kuna nini. Mizigo ikawa inatoka, inaenda Mwanza, inaenda Dar. Mvua za masika zikanikuta oda zimejaa. Kahawa haikauki. Wateja wanapiga simu. Nikaanza kuziba paketi kahawa ikiwa bado laini ndani.

Bibi yako akaja dukani, akashika paketi moja, akaibonyeza. Akasema, "Kamugisha, kahawa hii bado inapumua. Mbona unaiziba pua?"

Nikamwambia, "Mama, hii ni teknolojia."

Akairudisha mezani, akafuta mkono kwenye kanga.

Na tarehe ya kutengenezwa niliandika ninayoitaka. Tarehe ya kuisha nikaweka mbali kabisa huko, kwa ukarimu, kama mtu anayempa mtoto jina la mfalme. Hakuna aliyenipimia. Niliwaza, kahawa ni kahawa, mababu waliitafuna bila tarehe. Kweli, lakini mababu waliitoa kwenye jani mbele ya macho yako, ukiona mbaya unaitupa. Mimi nilikuwa nimeifungia ndani ya picha ya mama yangu.

Sasa akaja Ma Adventina. Unamjua, yule mama wa Nyanga mwenye sauti kama kengele ya shule. Wakwe walikuwa wanakuja kumposea binti yake. Akanunua paketi kwangu, kwa heshima, maana si kila kahawa unawapa wakwe. Wageni wakakaa. Akaikata paketi mbele yao, akaimimina kwenye kibakuli, akapiga magoti, akamsogezea mzee wao. Mzee akachukua punje, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa imeota manyoya meupe. Aliirudisha kibakulini polepole, akafuta vidole kwenye koti lake.

Binti aliolewa, nisikutie hofu. Lakini siku ya harusi, kahawa ya kukaribishia wageni ilitoka upande wa bwana harusi. Unaelewa hiyo ni aibu ya namna gani? Mwenyeji anakaribishwa nyumbani kwake kwa kahawa ya mgeni!

Kesho yake baada ya ile posa Ma Adventina akaja dukani. Nilikuwa mlangoni, vijana wa bodaboda wamejaa pale nje, mimi nawasimulia jinsi nilivyomshika mamba wa Kagera mkia.

"Ta Kamugisha, hujambo?"

"Sijambo, Ma Adventina. Karibu, waitu. Umekuja kuongeza nyingine?"

"Nimekurudishia yako." Akaweka paketi mezani, juu ya meza yangu mwenyewe. "Hii nyeupe ni nini?"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Ningeweza kusema pole. Neno lina silabi mbili, hata mtoto wa chekechea analiweza. Mimi nikasema, "Aa, huo ni unga wa mchaichai. Aina mpya hiyo. Wazungu ndiyo wanaigombania."

"Unga wa mchaichai."

"Ndiyo. Unaongeza nguvu."

"Basi kula."

"Nimetoka kula sasa hivi, mama."

"Tangu lini kahawa ikashibisha? Kula, Ta Kamugisha, uongeze nguvu. Mamba bado wako wengi mtoni."

Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Nikachukua punje nikaitia mdomoni. Mwanangu, umewahi kulamba ukuta wa choo cha zamani? Mimi pia sijawahi, lakini siku ile nilijua ukoje. Kwanza vumbi, kisha uchungu, kisha kitu laini kikapasuka chini ya jino, kikatoa harufu ya soksi ya mtu aliyekufa. Machozi yakanitoka. Nikatafuna. Watu wananiangalia. Nikameza.

"Nyingine," akasema.

Nikala nyingine.

"Tamu?"

"Tamu," nikasema.

Ma Adventina akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayekula udongo. Akasema taratibu, bila ile sauti yake ya kengele, "Mimi nilikuja unipe pole na paketi nzuri. Nisingeenda popote." Akachukua paketi yake, akaondoka. Na akaenda.

Hili ndilo ninalotaka ulione, maana watu wanadhani serikali inaota tu mlangoni kama uyoga. Mnunuzi wao wanamwita mlaji. Huyo mlaji hupitia kwako kwanza. Anakuja na paketi yake mkononi, anakupa nafasi. Ukimfanya mjinga mbele ya watu, unakuwa umemwonyesha njia ya ofisini kwa kidole chako mwenyewe. Nimeona wenye maduka mjini wanaandika ukutani "mali ikishauzwa hairudishwi," tena kwa rangi nyekundu. Nikisoma vile natamani kutema mate ukutani. Ni sawa na kuandika "sisi ni wezi, karibuni."

Baadaye akaja afisa wa viwango. Usimfikirie mtu mwenye kitambi na miwani. Alikuwa binti, labda umri wako wa sasa, mfupi, begi mgongoni, lafudhi ya mbali. Amevaa kitambulisho shingoni, akajitambulisha jina na ofisi kabla hata hajavuka mlango. Mimi nikajisemea, huyu? Huyu namwimbia bembea tu analala. Nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye analifanya. Nikamletea kiti kizuri. Nikaleta kile kikapu kidogo cha bibi yako, nikatia akamwani safi, ile ya kula sisi wenyewe, nikamsogezea kwa mikono miwili. Kwa sababu mtu akishatafuna kahawa yako, unamjua, hawezi kukugeuka. Mababu walikuwa wanafanya udugu wa damu kwa punje mbili za tunda moja. Nikasema akila tu, nimemaliza.

Hakukaa. Akasema, "Asante mzee. Nikila nitakuwa mgeni wako. Leo sikuja kama mgeni."

Ilinichoma! Nikamwambia kwetu kukataa kahawa ni tusi. Akasema, "Najua, nimeambiwa. Nisamehe. Nitakuja siku nyingine nile." Kisha akafungua paketi kumi hivi, akazipanga juu ya meza. Zote picha ya mama yangu mbele, na nyuma yake manyoya.

Na sikiliza alichoniambia, kwa sababu baadaye nilimsimulia kila mtu kwamba alinitisha na pingu. Hakunitisha. Alisema: rudisha zote zilizoko madukani, weka hizi mbovu peke yake zisichanganyike na nzuri, tangaza kwa wateja wako waliokwisha kununua. Kisha kausha upya kwa utaratibu, lete sampuli ipimwe, ukipita utapewa nembo, na kwa wajasiriamali wadogo kuna msaada, omba barua ya utambulisho. Aliniandikia yote, akasaini, akaniachia nakala. Akaniuliza kama nina swali. Mimi, Kamugisha niliyemsahihisha mwalimu hesabu, sikuwa na swali. Nilikuwa nimeudhika kwa ajili ya kikapu.

Angalia upumbavu ulipolala. Nilidhani sheria ni mtu. Mtu unaweza kumkaribisha, unaweza kumchekesha, unaweza kuoa kwao. Nilikuwa natafuta mtu wa kula naye, kumbe kilichokuwa mezani ni kahawa iliyooza, na kahawa iliyooza haina ndugu.

Sikurudisha paketi hata moja. Nikampigia Injinia.

Alifika haraka kama nzi. Akacheka, akasema, "Ta Kamugisha, mtu mkubwa kama wewe anasumbuliwa na katoto? Subiri." Akaniletea stika. Zilezile, Koku. Nembo ileile, barkodi ileile. Nakuambia ni zilezile kwa sababu leo nilipozigeuza niliona ule mkato wa wino pembeni, kama jino lililovunjika. Mashine yake haijatengenezwa mpaka leo. Akaniambia, "Bukoba wameshakujua. Peleka Muleba." Tukazimimina zile mbovu, tukazianika juani upya, tukazipangusa na kitambaa chenye mafuta ya kula zing'ae. Mafuta ya kula! Kwa mikono hii. Tukazirudisha ndani, tukabandika. Kuku wa uani alichukua punje moja iliyoanguka, akaitupa, akaenda kusugua mdomo kwenye nyasi. Kuku, ndege anayekula funza wa shimo la taka, aliikinai kahawa ya ukoo wetu. Nami nikaipakia kwenye gari.

Muleba, siku ya gulio. Nimepanga paketi zangu juu ya turubai, nimesimama nasifia mpaka sauti imekauka. Nikamwona yule binti anakuja, begi mgongoni, yuko na bwana afya na mtendaji. Kumbe mkoa ni mmoja, na simu zipo. Akachukua paketi, akapitisha simu yake juu ya barkodi. Unajua ilisoma nini? Ilisoma dawa ya kuua mbu! Injinia aliinakili kwenye kopo la dawa ya mbu. Kina mama wa gulio wakasikia. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, Nyamwiza anaua mbu!" Soko zima likalia kwa kicheko.

Binti hakucheka. Alisema tu, "Mzee, nilikuachia karatasi."

Walizichoma dampo siku ileile, na sheria inataka mwenye mali awepo. Nikasimama pale. Hakuna aliyepiga magoti, Koku. Aliyepiga magoti nilikuwa mimi, nilipojaribu kuokoa paketi chache za juu, kwa sababu nailoni inapoungua inajikunja, na picha ya mama yangu ilikuwa inakunja uso. Mmoja baada ya mwingine, wote wananikunjia uso. Harufu ilikuwa ya plastiki na kahawa na mafuta ya kula. Moshi haukufika Ukerewe. Ulifika kwenye shati langu, na shati lile mama yako mdogo alilifua mpaka akalitupa. Na Injinia nilimpigia simu nikiwa pale pale. Haikupatikana, na haikupatikana kwa muda mrefu sana. Adhabu niliyopewa niliibeba peke yangu, na shamba la kule bondeni ambalo huwa nasema nililitoa kwa kanisa, basi, kanisa halikuliona.

Nilirudi Kashozi, nikamkuta bibi yako kakaa barazani. Alikuwa ameshasikia. Wiki ile wakaja wageni kutoka upande wa kina mama yako mdogo. Nyumba ina kahawa, Koku, imejaa kahawa, magunia mpaka kwenye paa. Bibi yako akajifunga kanga, akachukua fimbo yake, akatembea mwenyewe mpaka kwa jirani kuomba punje za kuwapa wageni. Nikamkimbilia njiani, nikamwambia, "Mama, hiyo ya ndani ni nzuri, ni ile uliyokausha wewe." Akasema, "Najua. Lakini imekaa nyumba moja na wewe."

Mpaka anafariki hakutafuna kahawa niliyomshikisha mimi. Wewe ulidhani ni meno yalimwisha.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa naipamba kwa mkuki na vigelegele. Mtu akiwa na kidonda mahali pabaya anavaa kanzu ndefu. Nisingekuvulia kanzu hii kamwe, ungeondoka kesho na wimbo wako, ningekupungia mkono. Lakini umeniambia umejifunza kwangu.

Sasa nisikudanganye upande wa pili. Ofisi nazo zinachosha, na zingine zinatia kinyaa kuliko ile punje. Utapelekwa dirisha hili, utaambiwa siyo hili, lile. Lile litasema mhusika yuko semina. Huyu anataka ada yake, yule naye ana ada yake, na wote wanaangalia kahawa ileile. Atakuja mwingine bila kitambulisho, ataegemea mlango, atasema "mama, hata maji ya kunywa hakuna?" na wewe utajua si maji anayotaka. Huyo mwombe kitambulisho. Mwambie aandike kosa lako kwenye karatasi na asaini. Utaona anavyokumbuka ghafla kwamba ana msiba. Lakini mwenye kitambulisho, anayeandika, anayekupa risiti, hata akikukaripia, huyo mvumilie. Muulize maswali mimi niliyokosa kuuliza. Ukiona sharti halieleweki, muulize linazuia nini. Mimi sharti la kukausha nililiona ni usumbufu wa Dodoma. Kumbe bibi yako alishanieleza kwa Kihaya, kwamba kahawa inapumua. Karatasi ya yule binti na maneno ya mama yangu vilikuwa kitu kimoja. Niliwadharau wote wawili kwa msimu mmoja.

Kinachonichefua zaidi, na hiki ndicho kimenifanya nitafute kalamu, ni kwamba kahawa yako ni nzuri. Nimeitafuna jana. Umeikausha juu ya chanja, haijagusa udongo, inagonga. Nimekaa nayo mdomoni nikaona mama yangu anarudi kutoka kwa jirani. Ile yangu ilihitaji uongo ili iuzike. Yako inahitaji kusubiri tu. Na wewe unataka kuifunika kwa dawa ya mbu! Ni kama binti mzuri aliyejipaka matope ili aonekane amevaa.

Utasema, "Baba mdogo, nikisubiri nitakula nini Muleba?" Uza chai. Uza vitumbua. Bwana afya atakuja hata huko, mwonyeshe maji yako ya moto na kucha zako. Osha vyombo vya watu. Rudi hapa ule ndizi, migomba haijakataa mtu. Nitawaambia majirani umerudi kunishauri mambo ya uchumi.

Stika sijaziondoa. Ziko kwenye begi lako, mfuko wa pembeni, ulikoziweka mwenyewe. Ningeweza kuzitupa chooni, na nimeenda mpaka pale begi lilipo mara mbili, nikarudi. Nikizitupa mimi, Injinia anazo nyingine, na wewe utakuwa umeporwa tu, hujakataa. Mimi pia nilinyang'anywa. Haikunifundisha kitu kwa muda mrefu, ilinifundisha kutunga.

Pembeni yake nimekuwekea kile kikapu kidogo cha bibi. Ndani kuna kahawa yako mwenyewe, nimeifunga kwa jani la mgomba. Ukiamua kusubiri, siku nembo ya kweli itakapotoka, paketi ya kwanza usiniletee mimi. Panda gari uje Nyanga, umpelekee Ma Adventina. Piga hodi, mwambie wewe ni mjukuu wa Nyamwiza. Hatakukaribisha haraka. Ataielekeza kwenye mwanga, ataigeuza. Mwache aigeuze. Usimsimulie kitu chochote, mimi nakujua una ulimi wangu.

Na ukiamua kubandika za Injinia, sawa, wewe ni mtu mzima. Ila ya kwanza kubandikwa usimuuzie mtu. Nitumie mimi. Nitaifungua Jumapili watu wakitoka misa, nitaitafuna mbele yao wote, punje kwa punje, na wakiniuliza nitasema tamu. Unajua naweza. Nimeshawahi.

Baba yako mdogo,
Kamugisha, ambaye hakumshika kamwe mamba wa Kagera, ila aliuona kwa mbali mkia wake.